Mfupa wa Nani Huu Ulio Tayani Mwangu?

Jino lenyewe la bandia, nililopandikizwa kliniki ya meno hapa Mombasa, sina neno nalo. Limekaa kama lililoota, ninalitafunia nyama na kashata, na wajukuu hawajui ni lipi. Naanza na hilo ili nisije nikaambiwa kwamba nimemdhulumu daktari, ambaye mkono wake ni mwepesi kiasi kwamba sikuhisi zaidi ya sindano ya ganzi.

Gego langu la chini liling'olewa zamani, na pengo likiachwa muda mrefu mfupa wa taya husinyaa hata skrubu ya titani, ile inayolibeba jino la bandia, ikakosa pa kushika. Ilibidi niongezwe mfupa kwanza, nisubiri kama miezi sita, ndipo skrubu itiwe. Hayo nilielezwa vizuri.

Kichupa kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba, na ndani yake mlikuwa na punje nyeupe mfano wa chumvi ya mawe, ambazo daktari alizichanganya na damu yangu mwenyewe katika kibakuli cha chuma mpaka zikawa kama mchanga uliolowa. Kabla ganzi haijanikaza ulimi nikauliza ni mfupa wa nini. Akasema ni wa ng'ombe, uliosafishwa hata ukabaki madini matupu. Nikaridhika. Hakutaja, wala mimi sikujua kuuliza, kwamba juu ya punje hizo huwekwa utando mwembamba wa kolajeni, yaani protini itokayo kwa wanyama, kabla ya ufizi kushonwa, na kwamba utando huo nao una asili yake.

Siku ya kutolewa nyuzi, nikisubiri risiti, faili langu lilikuwa wazi pale mapokezi. Humo hubandikwa vibandiko vinavyotoka kwenye maboksi ya vifaa, na katika kibandiko cha pili, kwa herufi ndogo mno za Kiingereza, nilisoma kwamba utando ule ni wa nguruwe. Nikavaa miwani nikasoma tena. Nikamwuliza msaidizi kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa wamejaa. Yeye akanijibu kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Mama, hapa tunatibu meno. Fatwa kaulize msikitini." Wenzake wakacheka.

Najua wapo wanazuoni wasemao kwamba kitu kikigeuka dhati yake hukumu hubadilika, na kwamba dharura ina mlango wake. Nimeuliza, na nimejibiwa kwa upole niliounyimwa pale. Lakini ni dharura gani, ilhali utando wa ng'ombe upo, na uliotengenezwa kiwandani upo? Nao ukishawekwa huyeyuka mwilini wenyewe, kwa hiyo hakuna cha kudai kitolewe.

Nilikusudia kuipa kliniki hiyo alama nne kati ya tano. Nikikikumbuka kile kicheko nazishusha hadi moja, na hiyo ni ya daktari, ambaye nilipompigia simu alinyamaza kidogo, akaomba radhi, kisha akasema kwamba hakuna mgonjwa aliyewahi kumwuliza. Mombasa hii, yenye msikiti kila mtaa! Hata hiyo moja naona nimeitoa kwa haraka.

Gego la upande wa pili nalo limeanza kulegea. Miadi nimeshaweka, kwa daktari yuleyule, kwa sababu mkono kama wake sijauona kwingine. Safari hii maboksi nitayasoma mimi, yote, kabla sijapanua kinywa.