Vidonge vya asiklovia kwa mkanda wa jeshi: nyota nne

Nilianza kuungua chini ya titi la kushoto hadi mgongoni, kama niliyemwagiwa chai. Ukitazama ngozi, safi, hata kipele hakuna. Nikailaumu sidiria, nikapaka dawa ya kuchua misuli. Ujinga mtupu, ikazidi kuwaka. Siku ya tatu vikatoka vipele vyekundu, na kesho yake asubuhi vilishajaa maji, vimejibana mafungu mafungu.

Muuguzi aliniambia nivue blauzi, akapitisha kidole hewani kuanzia uti wa mgongo mpaka katikati ya kifua. "Mama, unaona? Imeishia hapa, haijavuka." Kumbe virusi vya tetekuwanga niliyougua utotoni vilikuwa vimelala kwenye mizizi ya neva miaka yote hiyo. Vikiamka hufuata njia ya neva yao, upande mmoja. Wifi yangu alishanitisha kwamba mkanda ukizunguka ukakutana, nimekwisha. Muuguzi alicheka sana.

Sasa dawa. Miligramu 800, mara tano kwa siku, siku saba: vidonge 35, na maji ya kutosha. Kengele ya simu ililia mpaka nikaichukia. Lakini siku ya nne vipele vipya vilikoma, ya kumi vyote vilikuwa magaga. Ila ujue, inafaa zaidi ukianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Mimi niliwahi kwa bahati tu. Kama ipo valasiklovia, dawa ndugu ya hii, iulizie, hiyo ni mara tatu kwa siku.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya maumivu. Ngozi imepona, lakini wiki ya tano hii shuka likinigusa nashtuka. Usiku natumia amitriptilini kidogo, kidonge cha kutuliza maumivu ya neva. Inasaidia, ingawa asubuhi naamka kichwa kizito.

Mkwe wangu ni mjamzito na hajawahi kuugua tetekuwanga, kwa hiyo sikumkaribia hadi magaga yalipokauka yote. Mkanda wenyewe hauambukizi mkanda, ila maji ya vile vipele yangeweza kumpa tetekuwanga. Na vikikutokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kusoma maoni ya watu kama mimi.

Losheni ya kalamini niliyopewa pamoja na vidonge: nyota mbili. Inapoza mwasho kwa muda mfupi, halafu inakauka na kupukutika ndani ya nguo kama chokaa.