Stendi ya kamera ya kubeba safarini huku Kusini mwa Tanzania: ipi ununue, ipi uiache

Ukienda Msimbati kwa bodaboda, au ukatembea ukingoni pale Shimo la Mungu Newala kupiga picha bonde la Ruvuma, stendi nzito utaiacha geto, ndo maana mi naanza na uzito afu bei baadae.

Namba moja ni tripodi (stendi ya miguu mitatu) ya safari, ile inayojikunja ikaingia kwenye begi, kilo moja mpaka moja na nusu. Chukua mfano Peak Design, ya alumini kilo 1.56, ya kaboni kama 1.3, yani tofauti haifiki hata gramu 300 ila bei inaruka mbali sana, kwa hiyo we chukua alumini, ya kampuni yoyote, mradi iwe na ndoano chini ya nguzo ya kati, maana pale Newala upepo ukija unatundika begi, ila liguse chini lisibembee. Na nguzo ya kati usiipandishe bila sababu, hapo ndo mtikisiko unapoanzia. Ukitoka baharini isuuze kwa maji ya bomba, chumvi na mchanga vinakula vifungio vya miguu.

Namba mbili, vitripodi vya mezani kama PIXI ya Manfrotto, haifiki gramu 200 na mwisho wake wa kubeba kilo moja, so kamera ndogo na lenzi fupi tu. Ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwenye mwanga hafifu inatosha kabisa (iweke chini jamani, sio juu ya kuta za magofu).

Tatu, kifuko cha kitambaa cha kulazia kamera juu yake. Fundi cherehani anakushonea, unabeba kitupu, ukifika unajaza mchanga au mchele. Korosho usiweke, utaila njiani.

Miguu ya kujikunjakunja kama GorillaPod sawa kwenye matawi ya mikoko, ila viungo vinalegea. Monopodi, yani ya mguu mmoja, nzuri kwa mpira pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, usiku haikusaidii.

Ya mwisho kabisa ni yale matripodi marefu ya plastiki, mepesi kweli lakini kamera inayumba kama mlevi, achana nayo.

Ah, na kwenye boti ya kuvuka kwenda Kisiwani usifungue tripodi yoyote, injini inaitikisa yote, shika mkononi na kasi ya shata weka 1/1000 ya sekunde. Dukani usilipe kabla hujafunga kamera yako juu ya kile kisahani cha kushikia kamera ukaitingisha.