Tahadhari kwa wanunuzi wa magari Lubumbashi: garanti inayouawa na muuzaji mwenyewe

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hasa ninyi mnaojiandaa kununua gari lililotumika, nawaandikia kuhusu hila moja iliyonigharimu fedha na kumuumiza mtu wa nyumbani kwangu. Muuzaji anakupa garanti ya maandishi. Gari likiharibika, anakuelekeza kwa mdomo tu uende kwa fundi fulani. Fundi huyo akishaligusa, muuzaji anakuambia garanti imekufa kwa sababu umelipeleka kwa fundi wa nje.

Mwezi wa Septemba nilinunua gari katika parki moja ya kuuzia magari hapa mjini kwa dola 13,800, likiwa na garanti ya miezi 6 yenye muhuri na saini. Mlango wake wa nyuma, yaani wa kofri, hufunguka na kufunga kwa umeme ukibonyeza kitufe. Siku ya kununua ulipanda na kushuka bila kasoro, huku injini ikiwa imewashwa. Wiki ya tatu ulianza kusimama katikati na kulia kama saa ya kuamsha, kisha ukawa unashuka wenyewe. Jumapili moja mama mkwe wangu alikuwa ameinama kutoa mfuko wa unga wa kilo 25, mlango ukamshukia begani. Kwa siku nne hakuweza kuinua mkono kujifunga kitambaa kichwani.

Nilimpigia muuzaji siku hiyohiyo. Alinijibu kwa upole: «Mukubwa, usijali, enda kwa fundi wangu kule Kamalondo, umwambie ni mimi nimekutuma, ile ni kazi ya saa moja.» Kosa langu ni kwamba sikumwomba aniandikie maneno hayo, hata kwa ujumbe mfupi wa simu.

Gari lilikaa kwa fundi siku 9. Niliporudishiwa, mlango ulifunguka mara mbili mbele yangu, na jioni ukakwama tena. Nikaanza kuchungua. Kwenye bawaba, pale nyaya zinapopita ndani ya mpira kutoka kwenye paa kuingia mlangoni, mpira ulikuwa umepasuliwa kwa wembe, na nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe mweusi, bila kulehemiwa. Vereni ya kushoto, ile nguzo yenye mota ndani inayousukuma mlango, haikuwa tena ile iliyokuja na gari: ilikuwa na mikwaruzo, na namba yake haikulingana na ya kulia. Mlango ukawa umepinda, na kwenye kona ya juu niliweza kupitisha kidole. Mvua za Novemba zilipoanza, zulia la kofri likalowa.

Niliporudi parki, muuzaji alifungua karatasi ya garanti na kunionyesha sharti la mwisho, lililoandikwa kwa herufi ndogo, kwamba gari likifunguliwa na fundi asiye wa parki garanti inakoma. Nilipomkumbusha kwamba ni yeye aliyenituma, alisema hamjui fundi huyo. Kisha akanitajia bei ya kutengeneza: dola 420.

Wapo watakaosema mlango wa kofri ni jambo dogo. Si dogo. Mlango wa aina hii ni mzito, na vereni zikishindwa hauna kinachouzuia. Maji nayo ni hatari. Mwaka 2015 kampuni ya Fiat Chrysler iliyaita yarudishwe kutengenezwa magari ya Jeep Cherokee ya mwaka 2014 na 2015 kwa sababu maji yaliweza kukifikia kifaa kinachoendesha mlango wa nyuma na kusababisha moto. Gari langu si la aina hiyo, lakini nyaya zilizo wazi karibu na zulia lililolowa zinanitosha kuogopa.

Ni kweli kwamba si kila hitilafu ni udanganyifu. Betri ikiwa dhaifu mlango unaweza kugoma, na katika magari mengi, betri ikishachomolewa, inabidi mlango ufungwe kwa mkono hadi mwisho ili ujipime upya. Ndiyo sababu unapokagua gari omba injini izimwe, kisha ufungue na kufunga mlango mara tano au sita mfululizo. Usimamishe katikati uone kama unabaki pale. Uvute kidogo ule mpira wa nyaya kwenye bawaba uangalie ndani, uinue zulia, unuse kama kuna unyevu, na upige picha namba za vereni zote mbili.

Na gari likiharibika ndani ya garanti, lirudishe palepale uliponunua. Dai karatasi yenye tarehe, kilomita na maelezo ya hitilafu, iliyosainiwa na anayelipokea. Akikutuma kwa fundi mwingine, akuandikie jina la fundi na kwamba kazi inafanywa kwa niaba yake. Akikataa, usiondoke na gari. Jueni pia kwamba sharti la herufi ndogo si neno la mwisho. Sheria yetu ya mikataba, yaani dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inambebesha muuzaji dhima ya kasoro zilizofichika, na inampa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu na kurejeshewa fedha, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Ila inataka shauri lifunguliwe ndani ya muda mfupi, kwa hiyo msikubali kuzungushwa kwa «rudi wiki ijayo» miezi na miezi.

Jina la parki silitaji hapa kwa kuwa jambo liko mikononi mwa wakili wangu. Yeye ameniomba nisitengeneze chochote hadi nyaya na vereni ile zikaguliwe. Kwa sasa tumezima umeme wa mlango, tunaufungua kwa mkono na kuuegemeza kwa gongo la mti, na watoto nimewakataza kabisa kusimama chini yake.