Uzoefu wangu na Pontiac Firebird Esprit ya 1976, gari la Jim Rockford

Niseme mapema ili asiye na muda asisumbuke kusoma hadi chini: ukikodi gari hili kwa kutafuta kasi, hela yako imekwenda. Ukilikodi kwa mapenzi ya The Rockford Files, tenga pesa ya mafuta, kisha ufurahi.

Kwa ambao hawakuwahi kuiona, tamthilia hiyo ilirushwa na NBC ya Marekani kuanzia Septemba 1974 hadi Januari 1980. James Garner ndiye Rockford, mpelelezi wa kujitegemea aliyefungwa gereza la San Quentin kwa kosa ambalo hakulitenda, akasamehewa, na sasa anaishi kwenye nyumba ya trela ufukweni Malibu. Anatoza dola 200 kwa siku na gharama juu, na wateja wanamzungusha kila kukicha. Bastola anaificha kwenye kopo la biskuti. Mtu wa maisha hayo ukimpa gari la mbwembwe hakuna atakayeamini. Ndiyo maana walimpa Esprit, Firebird ya kistaarabu, na si Trans Am, Firebird ya mbwembwe yenye lile dege limechorwa boneti nzima. Rangi ya dhahabu iliyopoa, haina mistari wala maandishi makubwa. Kwangu mimi huo ndio uzuri wake wote.

Nililichukua kwa jamaa anayekodisha magari ya zamani Los Angeles. Tangazo lake lilisema ni “gari halisi la Rockford”. Si kweli, ni gari la aina ile ile tu, na alipobanwa alikubali. Ila alikuwa na kibao cha namba 853 OKG, herufi za njano kwenye bluu kama kwenye runinga, cha kupigia picha kisha unamrudishia. Bei ya siku ilizidi ile ya Rockford mwenyewe, na mafuta ni juu yako.

Unakabidhiwa funguo mbili: yenye kichwa cha mraba ni ya kuwashia, yenye kichwa cha mviringo ni ya mlango na buti. Injini ikiwa baridi, kanyaga mafuta mara moja hadi chini, achia, ndipo uwashe. Hapo choki inashika na gari linanguruma kwa hasira mpaka lipate joto. Gusa tena pedali kidogo, linatulia. Swichi ya taa za full haipo kwenye usukani. Iko sakafuni, unaibonyeza kwa mguu wa kushoto, na jirani yake kuna pedali ya breki ya kuegesha. Usiku wa kwanza mguu wangu ulikuwa unatafuta huko chini kama kuku anayechakura.

Milango ni mirefu na mizito ajabu. Kwenye maegesho ya supamaketi, ukibanwa na magari pande zote mbili, unatoka kwa kujipenyeza upande. Siti za mbele ziko chini na zimelala vizuri, lakini nyuma ni mateso, kwa sababu katikati limepita lile tuta la kufunika shafti. Shemeji yangu alikaa huko akiwa amekunja magoti hadi kidevuni. “Shemeji,” akaniambia, “hii siti waliiwekea mabegi, sisi tumeng’ang’ania tu.”

Sasa tuje kwenye injini, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Ni V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7. Ukisikia hivyo unategemea lipae. Halipai. Miaka ile kanuni za moshi zilikuwa zimeshawabana watengenezaji, mgandamizo wa injini ukapunguzwa, na injini yote hiyo kubwa ikabaki na nguvu za farasi kama 160. Gia otomatiki ya hatua tatu inabadilisha taratibu, sauti inakuja kwanza, mwendo unafuata kwa wakati wake. Na bado lilikuwa likinywa lita moja kwa kilomita tano hivi!

Mbona la Rockford lilikuwa linaruka? Kwa sababu magari ya kwenye seti yalikuwa Firebird Formula 400 zilizovikwa nembo za Esprit na boneti isiyo na matundu. Injini lita 6.6, ekzosi mbili. Halafu aliyeshika usukani mara nyingi alikuwa Garner mwenyewe, na huyo hakuwa mtu wa kubahatisha; aliendesha gari la kutangulia msafara kwenye mbio za magari za Indianapolis 500 mara 3, mwaka 1975, 1977 na 1985. Ule mgeuko wake maarufu ni wa kurudi rivasi kwa kasi, kuachia mafuta, kukata usukani mzima ili pua ya gari izunguke, kisha kutia gia ya mbele na kuondoka kana kwamba hakuna kitu. Mkataba wa jamaa yangu una kifungu kizima cha kuukataza. Namwelewa.

Mahali linapopendeza ni barabara ya Pacific Coast Highway, ukitoka Santa Monica kuelekea Malibu, bahari mkono wa kushoto. Mwendo wa wastani, vioo vyote chini, usukani mwepesi. Kwenye kona mkia unarukaruka kidogo lami ikiwa mbovu, springi za nyuma ni za majani kama za pikapu, lakini breki za mbele ni diski na zinashika. Watu wazima wanakupungia mkono. Vijana wanauliza kama ni Trans Am.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda Paradise Cove, palipokuwa trela ya Rockford, kuna mgahawa ufukweni. Ulizia ada ya maegesho kabla hujaingia, si ya kitoto. Na ukikuta la miaka ya 1977 au 1978 litakuwa na taa nne za pembe nne mbele badala ya mbili za mviringo. Hayo nayo ni halali, maana tamthilia iliyatumia. Kiyoyozi kijaribu ukiwa bado uwanjani kwa mwenyewe. La kwangu kilikuwa kinapuliza joto.