Masizi ya ekzosi karibu yashushe injini yangu: gereji mbili za Mbeya

Mwezi wa sita Probox yangu ilianza kula mafuta. Lita moja iliyokuwa inanipeleka kilomita 12 ikawa haifiki hata 9, na tundu la ekzosi likawa jeusi kama tako la sufuria ya kuni. Nabeba viazi kutoka Isyonje kushuka Mwanjelwa, hesabu ya petroli ninayo kichwani.

Gereji ya kwanza, jina naliacha, fundi alichungulia bomba tu. "Bosi, ringi za pistoni zimekwisha hizo, tushushe injini." Laki tisa! Hakufungua plagi, hakuchomoa hata kijiti cha oili. Mimi nilikuwa naipima oili kila Jumapili na haijashuka. Nikawasha gari nikaondoka.

Ninayoisifia ni ya pili, Uyole. Mzee wa pale alisubiri bomba lipoe, akaingiza kidole, akasugua masizi kwa kidole gumba kisha akaninyooshea mkono. "Ona, unga mkavu. Ingekuwa oili ungenata kama grisi." Akachomoa plagi zote nne: nyeusi, kavu, zimevaa vumbi la mkaa. Akanieleza kwamba masizi makavu ni petroli iliyozidi hewa, haiungui ikaisha. Yale ya mafutamafuta ndiyo ya kuogopa, hapo ni ringi au sili za vali. Nikamwambia asubuhi linatoa na moshi mweupe, akacheka. "Juni hii hata wewe mdomo unatoa moshi." Huo ni mvuke, injini ikipata moto unakata. Usipokata, na maji ya rejeta yanapungua, hapo ndipo umuulize fundi habari za gasketi ya silinda hedi.

Alipochomeka mashine ya kupimia, sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayopima moshi kwenye ekzosi, ilikuwa imekufa. Muda wote ilikuwa inaidanganya kompyuta kwamba petroli ni kidogo, nayo inazidi kumwaga. Ea klina, yaani chujio la hewa ya injini, aliikung'uta, likatoka vumbi la kujaza kiganja, ila akasema hilo peke yake lisingefanya weusi ule. Akanionya pia kwamba ningeendelea hivyo, petroli ingekwenda kuungulia kwenye masega ya kusafishia moshi yaliyo ndani ya ekzosi na kuyayeyusha.

Kupima 20,000, ufundi 15,000, sensa mtumba iliyokuja na basi kutoka Kariakoo 85,000.

Kasoro zipo. Siku ya kufunga sensa aliniambia saa moja tu, nikakaa hadi magharibi. Risiti hakuna, mpaka uombe mara tatu. Na kesho yake nikakuta klipu ya boksi la ea klina inaning'inia. Kwa vumbi la Isyonje, hiyo si klipu ya kusahau.

Wiki ya tatu sasa. Lita imerudi kwenye kilomita 12, na jana nimepitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba kikatoka na kijivu. Nyota nne. Ya tano nimemkata kwa ile klipu.