Avek ya Panzi: ilinitoa kwa banki lamberi, lakini ingia ukijua hii

Naanza na nyota za avek yetu kabisa (avek ni kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa), juu najua wengine hamusomagi mpaka mwisho: nne kwa tano. Ile moja nimekata nitawaambia juu ya nini.

Sisi tunaishi Panzi, hapa Bukavu, Kongo, muzee wangu (bwana yangu) ni mwalimu wa primeri, mimi nauza sambaza (samaki ndogo) na bunga kidogo kidogo barabarani, watoto wane. Mutu wa huku akisikia hivyo tu ameshaelewa budje yetu iko namna gani, salere (mushahara) inaingia kwa franga lakini mwenye nyumba anadai dola. Mwezi wa 11, 2023 mwenye nyumba akasema anauza parsele (kiwanja), tutoke. Nyumba ingine tulipata ni ya dola 40 kwa mwezi lakini alitaka garanti ya miezi sita, yaani 240 kabla hata ya kuingiza kitanda, na sisi kwa nyumba tulikuwa na 40. Hapo ndio muzee wangu alienda kwa banki lamberi bila kuniambia.

Banki lamberi si banki, wale hawako wa huku musidanganywe na jina. Ni mutu na kaye (daftari) yake. Anakupatia leo, mwisho wa mwezi unarudisha na intere (riba), yule wetu alikuwa anakamata 30 kwa mia kwa mwezi, na kuko wenye wanakamata zaidi. Gaji (rehani) yake ni karte yako ya banki pamoja na kode. Salere ikiingia ni yeye anaenda kwa mashini mbele yako, anatoa yote, anakata yake, anakupatia yenye inabaki. Miezi ya kwanza sikuona kitu, niliona tu anvelopu imekuwa nyepesi nikafikiri ni Serikali.

Nilipojua, nilichukua kaye ya mutoto ya mahesabu nikaandika. Alikopa 200, kila mwezi intere 60, kama hauna zile 200 zote kwa mara moja unalipa intere peke yake na deni inalala palepale. Desemba mpaka Juni ni mara saba. Dola 420. Na deni ilikuwa bado 200, haijaguswa hata na dola moja. Nikamuita, nikamuonyesha ile kaye, hakusema kitu, akatoka akasimama nje mpaka mbu zikamurudisha.

Kabla ya hapo tulishajaribu kooperative moja ya mjini, sitaji jina, walitaka karatasi ya parsele (ya nani? sisi tunapanga), walitaka mutu wa kutusimamia mwenye salere nzuri, na pesa ya dosie mbele. Ya dosie tulilipa. Jibu mpaka leo.

Sasa avek. Mimi niliingia Januari 2024, na si juu ya ile deni, jirani tu alinisumbua. Kikundi chetu tuko watu 23, karibu wote wamama. Musichanganye na likelemba, likelemba munazungusha tu, leo wewe kesho mimi, kumbe ku avek pesa inabaki ndani, inakopeshwa, inazaa, na mwisho wa mwaka munavunja kese (sanduku ya pesa) munagawana. Animateri mwenye alitufundisha alisema ilianza na shirika la CARE kule Niger mwaka 1991, kwa wamama wenye hawakujua kusoma, na ukiangalia namna inafanywa unaelewa, juu kila kitu kinafanywa kwa macho na kwa masikio.

Jumapili saa nane, kwa parsele ya mama perezida. Kese ni ya chuma, rangi ya bleu imeanza kubabuka, kadena tatu, funguo tatu kwa wamama watatu wenye hawakai avenyu moja, na kese yenyewe inalala kwa mwingine wa ine mwenye hana hata funguo moja. Wanatandika kitenge chini. Unaitwa kwa namba, mimi ni 14, unaenda unasema kwa sauti "pa tatu", unaweka franga 6,000 (pa ni hisa, ya kwetu ni 2,000, mwisho pa tano kwa wiki), wahesabu wawili wanahesabu mbele ya wote, noti zangu zinanukaga sambaza na yule muhesabu wa kushoto kila mara anakunja pua watu wanacheka, alafu sekretere anapiga tampo (muhuri) tatu kwa kaye yako na nafasi zenye zimebaki anazichora musitari, ili mutu asijiongezee tampo usiku. Kabla ya kufunga, perezida anauliza: kese ina ngapi? Watu wote wanasema kwa sauti, na Jumapili ingine kabla ya kufungua wanasema tena. Wakifungua wakakuta hesabu haiko ile, hakuna mutu anatoka pale.

Mutaniuliza 6,000 kila wiki nilikuwa naitoa wapi na tuko namna ile. Kwa makala (makaa ya kupikia), kwanza. Tulikuwa tunanunua makala kwa kasashe (kamufuko kadogo) kila asubuhi, na ukifanya hesabu ya kasashe mwezi muzima unakuta umelipa gunia na nusu na gunia haukuona. Nikaungana na jirani tukanunua gunia moja tukagawana kwa ndoo. Maharagi nikaanza kulaza ndani ya maji usiku na kupika ya siku mbili. Nikafunga deni ya butiki pia, yule wa butiki kwa kona alikuwa anatuandika sukari, sabuni, mafuta, na mwenye anakuandika haumuulizagi bei. Haikuwa rahisi, kuko wiki niliweka pa moja, na wiki moja sikuenda kabisa juu ya kuona haya, nikalipa amandi (faini).

Kwa Juni nilikuwa na pa 72, ni 144,000. Sheria inakubali ukope mara tatu ya yako, basi 432,000. Intere ni 5 kwa mia kwa mwezi, na ile intere haiendi kwa mutu, inarudi kwa kese yetu sote.

Lakini pale ndio nilipata shida, juu sheria yetu ya ndani ilikuwa inakataza kukopa kwa kulipa deni ingine. Unakopa kwa biashara, masomo, ugonjwa, basi. Perezida akaniuliza ya kazi gani. Ningeweza kusema uongo, ningesema nanunua bunga, lakini wangekuja kuona bunga (wanakujaga kweli). Nikasema mbele ya watu 22 kama karte ya mwalimu iko kwa banki lamberi. Kimya. Alafu mama mmoja wa nyuma akasema, "Ya kwangu pia iko kwa huyohuyo." Na mwingine naye. Tulibishana karibu saa nzima, wengine wanasema tukifungua huu mulango kese itaisha kwa kulipa madeni ya wababa, wengine wanasema sasa tunaweka kese ya nini. Mwisho wakakubali kwa masharti: mimi kwanza, na nilete karatasi ya yule mutu yenye saini, iseme intere imesimama.

Nilienda na mama perezida na shefu wa avenyu. Ule mutu alitupokea muzuri, na soda. "Mama, mimi siko mubaya, lakini pesa yangu nayo si lazima ikule?" Shefu akamuambia imeshakula 420. Tukapatana: 150 mara moja, 50 ingine mpaka Noeli, bila intere, na karte anabaki nayo mpaka ile 50 iishe. Hapo tu alikatala kuregeza. Basi kuanzia Julai kila mwisho wa mwezi yeye na muzee wangu walikuwa wanapanga laini pamoja kwa mashini kama marafiki, wanatoa, muzee anachukua yote, yule anarudisha karte kwa mufuko wa shati.

Nilikopa 420,000, kwa dola ya 2,800 ni zile 150. Nililipa kwa miezi tatu, 161,000 kila mwezi na intere ndani. Sasa angalieni hii, ndio kitu kilinifanya niandike yote haya: zile dola 60 za banki lamberi zilikuwa 168,000 kwa mwezi. Ni pesa ileile karibu, tena kidogo zaidi, miezi saba tuliitoa deni ikabaki nzima, miezi tatu tukaitoa deni ikaisha. Hatukupata salere mupya, hatukushinda kitu. Mutasema tungeenda ku avek Novemba 2023 badala ya banki lamberi, lakini Novemba 2023 sikukuwa na hata pa moja, na avek haikopeshi mutu mwenye hajaweka. Kwa hiyo mwenye nyumba akikutoa wiki hii, avek haitakusaidia wiki hii. Mujue hiyo.

Vibaya vyake. Muda: saa mbili mpaka tatu kila Jumapili, na mimi Jumapili ndio nauza muzuri. Amandi: kuchelewa 500, simu kulia 500, kusahau hesabu ya kese 500, mwaka muzima nilihesabu nililipa amandi 7,500. Siri: hakuna. Hadisi ya karte yetu ilifika soko ya Kadutu kabla ya Jumatatu saa sita, muzee wangu aliulizwa na wenzake wa shule, hakuniongelesha siku mbili.

Na sasa ile nyota. Kuko dada mmoja kati yetu alikuwa ndani ya avek tatu, anakopa huku analipa kule, anakopa kule analipa kwingine. Avek tatu ni kaye tatu zenye hazijuani, na sisi hatukumuuliza. Mwezi wa kumi akashindwa. Komite ikaenda kwake ikachukua matelas (godoro) na sufuria mbili, ile kubwa ya bugali pia, sheria yetu inaruhusu, sote tuliweka saini. Mimi nilikuwa kati ya wale walitumwa. Nilisimama kwa mulango nikaangalia chini, na watoto wake wanajua jina langu. Yule mutu wa banki lamberi hakuwahi kuingia kwangu kukamata matelas. Baadaye tulibadilisha sheria, sasa ukiingia unasema uko ndani ya ngapi, na mwenye ameshindwa tunamuongezea muda kabla ya kufika kwake, lakini ile sufuria ilishauzwa.

Desemba 2024 tulivunja kese. Kila pa ya 2,000 ilitoka 2,460. Mimi nilikuwa nimefika pa 106 (miezi ya kulipa nilishuka kwa pa moja moja), nikapata 260,760. Tukakata dola 50 za banki lamberi, yenye ilibaki nikanunua bunga ya kuuza na viatu vya mutoto mukubwa. Noeli ile tulikula sambaza zangu mwenyewe na hakukuwa mutu wa kubisha mulango.

Saikle mupya ya kuweka tulianza Januari, na Februari 2025 vita ikaingia Bukavu, banki zikafungwa, kutoa pesa kwa simu maajenti wakawa wanakata wanavyotaka. Mama perezida alituita katikati ya wiki, tukafungua kese haraka haraka, kila mutu akapewa yake mukononi, kidogo juu tulikuwa tumeanza tu. Wenye walikuwa wamekopa tulisimamisha intere. Aprili tukaanza tena, tuko 19, pa tumeshusha mpaka 1,000. Ukikaa karibu na Panzi uliza wamama wenye wanatoka na kaye ndogo Jumapili mchana, watakuonyesha, lakini usikuje na simu yenye inalia.

Karte ilirudi, ndiyo, tarehe 23 Desemba, imepindika kidogo kwa kukaa ndani ya ule mufuko. Muzee wangu aliitumia peke yake mara moja, mwisho wa Januari. Iko kwa kabati, chini ya kaye yangu.