Kiyoyozi kisicho na mabomba ya darini: kila chumba na hali yake

Nimeishi na mifumo yote miwili, kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu. Nyumba tuliyokaa kwanza ilikuwa na mtambo mmoja mkubwa uliosukuma hewa kwenye mabomba mapana yaliyopita juu ya dari hadi kila chumba. Tuliyomo sasa haina mabomba hayo. Kuna mashine moja nje, na ndani kila chumba tunachokitumia sana kina kiyoyozi chake ukutani. Tumeshapita nacho misimu ya joto na ya baridi, na sitamani kabisa kurudi kule tulikotoka.

Faida niliyoihisi mapema kuliko zote ni kwamba kila mtu sasa analala anavyotaka. Mama yangu ni mtu mzima na baridi humuingia mifupani. Mume wangu naye chumba kisipopoa hageuki upande mmoja akatulia. Mtambo ule wa zamani ulikuwa na kidhibiti kimoja tu, sebuleni, na uamuzi wake ulikuwa wa nyumba nzima. Sasa mama ana rimoti yake na anaweka nyuzi 26, sisi tunashuka hadi 23, na chumba cha wageni tunakizima hadi wageni waje. Lakini hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana: katika mifumo ya kawaida ya nyumbani, viyoyozi vyote vinavyotegemea mashine moja ya nje lazima viwe upande mmoja, ama vyote vipooze ama vyote vipashe joto. Anayetaka chumba kimoja kipoe huku kingine kikipata joto kwa wakati uleule aweke mashine mbili za nje.

Umeme tunaotumia umepungua, na sababu yake inaeleweka. Kwa mujibu wa Idara ya Nishati ya Marekani, hewa na joto vinavyopotea njiani ndani ya mabomba ya darini vinaweza kufikia zaidi ya asilimia 30 ya nishati yote ya kupooza na kupasha nyumba joto, hasa mabomba yakipita kwenye dari lenye joto kali au baridi kali. Kwenye mfumo huu hakuna pa kupoteza kiasi hicho. Kinachounganisha nje na ndani ni mabomba mawili membamba ya shaba yaliyovikwa sponji, nyaya, na mpira wa kutolea maji, na vyote vinapita kwenye tundu la upana wa sentimita 8 hivi. Hatukubomoa dari, na ukuta ulitobolewa mahali padogo tu.

Watu wengi hudhani kiyoyozi ni cha joto peke yake. Cha aina hii hugeuza mzunguko wa gesi yake na kuchukua joto lililoko nje, hata siku ya baridi, kikalileta ndani. Kwa kuwa kinahamisha joto badala ya kulitengeneza, uniti moja ya umeme inaweza kuleta uniti 3 hivi za joto iwapo baridi si kali, ilhali hita ya kawaida ya umeme haiwezi kutoa zaidi ya uniti moja ya joto kwa kila uniti ya umeme. Baridi ikizidi, faida hiyo hupungua. Siku za baridi kali utaona pia kimeacha kutoa joto kwa dakika chache huku mashine ya nje ikifuka mvuke. Hakijaharibika, kinayeyusha barafu iliyoganda nje, kisha kinaendelea na kazi.

Tulichagua chenye inveta, yaani kifaa kinachobadilisha mwendo wa kompresa (pampu inayosukuma gesi), na ningemshauri kila mtu afanye hivyo. Kompresa yake haizimi na kuwaka kila mara. Chumba kikishafika kiwango ulichoweka, inapunguza mwendo na kuendelea taratibu. Usiku sauti ya ndani ni kama desibeli 20 na kitu, chini ya mnong'ono. Ule mtambo wa zamani ulikuwa ukiguruma kila unapowaka, mama akashtuka usingizini.

Nasisitiza sana suala la ukubwa. Fundi mmoja aliyekuja kupima alitaka kila chumba kiwekewe mashine kubwa, bila kuuliza chochote. Tulimshukuru tukamwita mwingine. Huyo wa pili alipima sakafu na urefu wa kuta, akauliza madirisha yanatazama upande gani, paa ni la nini, na wangapi hulala humo. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi hupooza haraka na kupunguza kazi kabla hakijanyonya unyevu, mkabaki kwenye chumba chenye baridi na majimaji. Chetu cha sebuleni ni cha BTU 12,000 kwa saa, yaani kilowati 3.5 hivi za kupooza, na kinatosha.

Mwangalie fundi pia anapounganisha mabomba. Kabla ya kufungulia gesi, anatakiwa aweke pampu ya kunyonya hewa na unyevu wote uliomo, asubiri, na ahakikishe hakuna panapovuja. Anayeruka hatua hiyo anaifupishia maisha kompresa yako.

Kasoro zipo. Gharama ya mwanzo ni kubwa kuliko ya hita na feni, na kiyoyozi ukutani kinaonekana, hakifichiki kama tundu la darini. Vichujio lazima vioshwe kila baada ya wiki chache; ni kazi ya dakika kumi, lakini ukiisahau hewa inapungua nguvu na harufu inaanza. Mpira wa maji usipowekwa kwa mteremko, au ukiziba, maji hudondoka ukutani. Na kubwa zaidi: hakiingizi hewa mpya, kinazungusha ileile iliyomo chumbani. Kwa hiyo sisi hukizima asubuhi, tukafungua madirisha ya pande zote mbili nyumba ipitiwe na upepo, ndipo tukakiwasha tena jua linapopanda.